Karamu ya Siku ya Kufunga

Alhamisi, 17 Julai

Mtoto mwingine kazimia mstarini asubuhi. Nesi Hansaben kasema ni upungufu wa damu. Mwalimu Mkuu, Nirupaben, anaomba wanakijiji wajitolee kulisha shule siku za sherehe zao. Atakayelisha ataandikwa ukutani, pale langoni. Vajubhai muuza maziwa tayari yupo ukutani! Kwa rangi nyekundu! Mimi, mwenye duka la miavuli tangu enzi za marehemu baba, simo. Imeniuma.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepata akili. Jumatatu ni Ekadashi. Kijiji kinafunga, hakuna anayegusa nafaka. Nitalisha siku hiyohiyo! Sufuria moja ya wali wa dengu, na mwingi utabaki. Nirupaben kaniuliza mara mbili kama nina hakika na siku. Nikamjibu kwamba afya haina sikukuu. Jibu zuri sana. Jioni hekaluni nikawatangazia watu kwamba tangu ujana sijavunja funga ya Ekadashi. Vajubhai akaguna tu.

Jumatatu, 21 Julai

Balaa! Kumbe watoto hawafungi. Wanaofunga ni mama zao, ndiyo maana majiko hayakuwashwa. Shule nzima imekuja na njaa, na wamebeba wadogo zao.

Halafu kuonja. Mtoa karamu huonja kwanza mbele ya watoto, nilisahau kabisa. Vajubhai kasimama mlangoni: “Onja basi, mtakatifu wetu, watoto wanangoja!” Nikameza. Chumvi imezidi.

Sufuria ikaisha darasa la tatu halijapata kitu. Ikabidi nitume mtu nyumbani. Kokila, mke wangu, katoa gunia letu la mchele huku akinisema hadi majirani wakatoka nje. Watoto wamekula wakashiba. Mimi nalala na njaa.

Jumanne, 22 Julai

Ajabu! Nirupaben kawaambia wanafunzi kwamba nimevunja funga ya maisha yangu yote kwa ajili yao. Hansaben kafuta machozi. Nami nikafuta yangu, ingawa yalikuwa hayajatoka.

Jina langu liko ukutani, kubwa kuliko la Vajubhai: DHANSUKHBHAI, MLISHAJI WA KILA EKADASHI.

Kila! Zinakuja mara mbili kwa mwezi! Nimeuliza wazo la nani. La Vajubhai. Ndiye aliyemshikia mchoraji ngazi.

Lakini sijashindwa. Kesho nitamwomba Nirupaben anibadilishie: badala ya kulisha, nitasimamia upimaji wa macho. Macho hayali. Kokila kauliza miwani itanunuliwa na nani. Huyu mwanamke hukosoa kila kitu.