Wiki Niliyoihama Windows

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimerudi Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, kutoka mjini Mbarara na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ndani ya flashi! Bure! Windows yangu inajikokota mpaka chai inachemka kabla haijawaka. Jovan, fundi wa Mbarara, alinionya kwamba programu ninayotungia vijitabu vya kwaya haifanyi kazi humo. "Na printa yako itakataa, ssebo, nakwambia." Maonyo ni ya watu kama Ladislas. Huyo ananyemelea cheo changu cha uandishi wa kwaya, eti kwa sababu ana laptopu mpya. Mama Doriane, mwenyekiti, ametangaza kwamba kijitabu cha Jumapili kikikosekana, anachagua mwandishi mwingine. Bila cheo hicho mimi ni Melchior tu.

Jumanne, 17 Juni
Nimeiweka! Mashine iliuliza maswali kwa Kiingereza. Miaka tisa ya foleni za ofisi imenifundisha kwamba swali la Kiingereza hujibiwa ndiyo. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Moja lilikuwa kama nakubali kufuta kila kitu.

Nyimbo zote zimekwenda. Lakini inawaka haraka ajabu!

Jumatano, 18 Juni
Mama Doriane alikuwa na nakala ya kijitabu kwenye simu. Nimeiomba, nikisema nataka kukagua koma. Haifunguki. Nimelazimisha, ikafunguka vipande vipande, "Utukufu" umelala juu ya "Mwanakondoo". Printa kimya. Pulchérie, mke wangu, akauliza kwa nini niliacha ile iliyokuwa inafanya kazi. Nikamweleza habari za uhuru. Akauliza kama huo uhuru unachapisha. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 20 Juni
Nimekwenda kwa Ladislas na kijitabu ndani ya flashi. Nilidai napima tu uwezo wa laptopu yake. "Leta, kaka, fasi iko mingi," akasema, meno yote nje. Dakika kumi, nakala sitini zimetoka kwenye printa yake. Nyuma ya kila moja ameandika: Mwandishi, Ladislas. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili, 22 Juni
Wameimba vizuri mno. Baada ya misa Ladislas akatangazwa mwandishi. Nilipiga makofi mawili, basi. Imeniuma sana.

Lakini! Padri alilalamika kwamba kompyuta ya parokia ni nzito. Nikamwambia dawa ninayo, na flashi iko mfukoni. Tumepatana Jumanne. Akauliza kama orodha ya ubatizo ya miaka yote, ambayo imo humo peke yake, itakuwa salama. Nikamwambia asiwe na hofu, mimi nina uzoefu.