Mlango wa Choo na Ndengu za Ndunge

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kliniki tena. Ilham, mshauri wangu, amenipa daftari hili. Kila jambo niliandike hapa, mara moja, mahali pamoja. Kazi moja kwa siku. Na nitafute mtu wa kukaa kando yangu nikifanya, maana kichwa chenye ADHD, hali ya mawazo kurukaruka, hutulia kikiwa na mwenzake. Nimeitikia kwa adabu. Miaka arobaini na tatu naitwa mvivu, halafu dawa yake ni daftari la kurasa thelathini na mbili.

Kazi yenyewe ni ndengu. Msimu uliopita zilipasukia shambani nikitengeneza mzinga wa nyuki. Mzinga haukuisha. Tangu Krismasi mke wangu Ndunge yuko kwao Mbumbuni. Amesema atakuja Jumamosi. Akikuta ndengu ziko kwa magunia, atabaki. Asipozikuta, nisimtafute tena. Nyumba imekuwa kubwa sana.

Jumanne, 4
Nimefikiria. Daftari ni la watu wa kawaida. Mimi nahitaji ubao! Nimeng'oa mlango wa choo, nimeupaka rangi nyeusi, nina chaki za rangi nne. Pia nimeweka kengele kumi na saba kwa simu. Alhamisi nataka mwethya, kile kikundi chetu cha kuvuniana kwa zamu. Watu kumi na wanne, asubuhi moja, shamba limeisha.

Kyule, jirani yangu na katibu wa kikundi, alipita akauliza waje kwangu siku gani. Nikamwambia asiwe na haraka, rangi ikikauka atajisomea mwenyewe. Akanitazama, akaenda. Matuta ya shamba lake yamenyooka, ndiyo maana ana madharau.

Alhamisi, 6
Nimeamka kengele ya kwanza. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, niliuloweka jana, kengele ya sita. Nimeupika na maharagwe katika sufuria kubwa ya kanisa. Sahani kumi na tano, maji ya kunawa, turubai la kupigia ndengu. Sijawahi kujipanga hivi tangu nizaliwe.

Saa mbili, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Saa sita nikamwendea Kyule nimewaka. Akaniambia polepole kwamba mwenye shamba humwambia katibu siku, katibu ndiye huwaambia watu, na mimi sikumwambia. Leo wote wako shambani kwa Wavinya, ni zamu yake. Nikasema iliandikwa kwa ubao. Akasema ubao uko ndani ya nyumba yangu.

Nimekula muthokoi peke yangu. Umebaki wa watu kumi na wanne. Jua ni kali, na ukinyamaza unasikia maganda yakipasuka kule shambani. Nimeona aibu kwenda.

Ijumaa, 7
Kyule amekuja bila kuitwa, na gunia lake. Akashika mstari mmoja, mimi nikashika wa kando. Sikuinuka mpaka saa tisa. Mimi! Magunia mawili. Nyingine zote, zaidi ya nusu, zimeshamwagika chini. Simu imezama kwa gunia moja, kengele zinalia humo humo. Nitaitoa.

Nilifurahi, sitaficha. Bila shaka ni ubao. Niliutazama kabla ya kutoka.

Jumamosi, 8
Ndunge alifika saa nne. Hakuingia nyumbani. Alienda moja kwa moja shambani, akachutama, akaanza kuokota ndengu mchangani, moja moja, akitia kwa leso. Nilisimama nyuma yake nikimweleza habari ya ubao. Akauliza yale magunia mawili yalivunwa na nani. Nikasema mimi na Kyule. Akasema basi Baba Kaluki, ndiyo mimi, anaweza, akiwa na mtu. Akalia kidogo. Na mimi nikalia.

Amesema atanipa nafasi moja. Jumatatu saa nne atanisubiri kwa geti ya kliniki, tuingie kwa Ilham pamoja, halafu turudi naye hapa nyumbani, Kalamba. Nitoe simu kwa gunia leo. Akipiga, nishike. Nisiposhika atajua, atarudi Mbumbuni na hatauliza tena. Nimemwapia mama yake kupitia simu ya Ndunge.

Jumatatu, 10
Nimeamka mapema. Nimeoga, nimevaa shati ya kanisa. Safari ni ya mwendo wa saa moja tu. Kabla ya kutoka nikaandika kwa ubao: KLINIKI, SAA NNE, NDUNGE. Nafasi haikutosha. Jina lake limeishia NDU. Si heshima. Mtu hawezi kumkaribisha mke nyumbani na jina nusu.

Nimeng'oa mlango wa jikoni. Ni mpana, na rangi ilibaki. Shati nimevua nisiichafue. Ndunge atafurahi akiona.

Simu inalia ndani ya gunia, sasa ni mara ya tano. Hizo kengele kumi na saba, sijui nani alinishauri. Rangi ikikauka nitaenda kuizima.