Mafua ya Kumleta Mama

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka na mafua. Hatimaye! Pua inachuruzika mpaka nimeilowesha redio ya mteja niliyokuwa naitengeneza. Nafasi ndiyo hii. Mama alikwenda kwa mdogo wangu, kinyozi, kumlea mjukuu mchanga. Mjukuu sasa anakimbia na kupanda meza, na Mama bado yuko hukohuko! Kwangu hajalala hata usiku mmoja. Lakini namjua. Akisikia mwanawe anaumwa, hakai. Nimempigia simu. Chafya kwanza, shikamoo baadaye. Amesema anakuja keshokutwa.

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Mke wangu ana huruma. Kanipa maji ya moto ninywe. Kaniongezea mto niinue kichwa. Kanisafisha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Kufika jioni pua imefunguka, napumua vizuri kabisa. Sasa Mama nitampokea na nini? Nimejibanza jikoni, nikanusa pilipili manga. Chafya, machozi, vurugu tupu. Mke wangu akatokea, akauliza natafuta nini kwenye kopo la viungo. Nikasema chumvi. Akasema chumvi iko mezani, mbele ya macho yangu.

Jumatano, 11 Juni

Mama amefika! Kanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, vilevile kama zamani. Nina mvi, jamani, lakini nusura nilie. Kanikataza maji baridi. Kanisugua kifua kwa mafuta huku akinikumbusha nyumba yetu ya zamani, bati lilivyokuwa likivuja juu ya kitanda chetu. Aliposema hivyo nikaisikia hata ile ndoo ya kukingia maji. Mke wangu amenuna, eti yeye kaninywesha kutwa nzima sikumshukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Mdogo wangu kapiga simu. Ana mafua! Sauti anaibania puani. Mwongo mkubwa, juzi tu kaonekana akinyoa watu na kupiga soga. Mama kaanza kufunga mzigo. Nimekohoa. Hakugeuka. Nimekohoa tena, kwa nguvu. Wapi! Basi nikasema twende wote, maana mimi ndiye ninayeumwa zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Tuko kwa mdogo wangu. Mama hana muda wa kuuguza mmojammoja. Kaweka beseni la maji ya moto mezani, katukalisha, katufunika blanketi moja, akatuonya tusiyasogelee sana maji. Tuvute mvuke, basi. Giza, joto, magoti yetu yanagusana. Hivi hivi alikuwa akitufanya tukiwa wadogo, na huyu mdogo wangu alikuwa akinifinya nicheke ili nipigwe mimi. Akaninong'oneza: Kamasi, umetumia nini? Miaka mingi hakuna aliyeniita Kamasi! Nikasema pilipili manga. Yeye ugoro wa mteja. Tukacheka mpaka maji yakamwagika mezani. Mama akatuchapa na kandambili juu ya blanketi. Watu wazima sisi, wenye wake! Nilitamani asilifunue kabisa lile blanketi.

Jumapili, 15 Juni

Mama amerudi nyumbani kwake, si kwangu wala kwa mdogo wangu. Alisikia kila neno tulilonong'onezana chini ya blanketi. Kasema amechoka kuvutwa huku na huku kama godoro la wageni, na kwamba mtu akimkumbuka mama yake anampigia, anamwambia, Mama, nimekukumbuka. Ugonjwa wa nini? Mdogo wangu akainama, akalia kweli. Mimi pia. Tukaahidi, hatutarudia. Nimeelewa. Nimeelewa sana!

Jioni nimerudi kwangu, nyumba imekuwa kimya. Kila nikipita sebuleni naona kiti alichokalia Mama kitupu. Nikachukua simu nimwambie yale maneno, yaleyale aliyotufundisha. Nikayafanyia na mazoezi, nikiwa nimesimama wima. Alipopokea tu, nikajisikia nikisema: Mama, mgongo.

Akauliza unauma upande upi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema pande zote.