Kope Zangu na Mume Mwenza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka kipofu. Macho yote mawili yamegandana kwa tongotongo, kope zimeshikana kama bahasha iliyolambwa. Nikapapasa ukuta mpaka kwenye beseni. Hakuna wa kumwita. Bi Mkubwa, mke wangu, yuko kwa kijana wetu tangu mjukuu azaliwe. Aliaga kwamba anakwenda mpaka mtoto akaze shingo. Shingo ikakaza. Akasema mpaka akae. Akakaa. Sasa tunangoja meno. Mtoto ana meno mawili na bado tunangoja. Sijui tunangoja jino gani.

Zahanati. Tabibu ni binti mdogo mwenye sauti ya hakimu. Amenigeuza kope kama anayekagua kitambaa dukani. Ni uvimbe wa kingo za kope. Hauambukizi. Wala hauponi moja kwa moja, unatunzwa. Kila asubuhi na jioni ninawe mikono, nikande kope kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi, dakika tano au zaidi. Kisha nizisugue taratibu kwa kidole kuelekea kwenye nywele zake. Kisha nifute tongotongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa, yenye tone la shampuu ya watoto. Nisifikiche macho. Na kile kioo cha kukuzia ninachokibana jichoni nikifungua saa za wateja, nikipumzishe.

Nikauliza kazi hiyo inafanywa na nani. Akasema, na wewe mwenyewe, babu.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Mgonjwa wa macho hawezi kujikanda macho. Kazi hii inahitaji mke.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu. Nimeeleza hali yangu kwa unyonge uliopimwa vizuri. Akasikiliza yote, akauliza kama maji ninayo. Ninayo. Kitambaa? Kipo. Mikono? Nikaitazama. Akasema basi, mzee wangu, hujapungukiwa na kitu, jikande.

Kabla sijajibu akasema ningoje, mumewe anamwita. Nikasema mimi hapa. Kumbe ni mtoto. Simu ikaachwa mezani, nikasikia akimbembeleza: mume wangu, bwana wangu, nani kakuudhi, tumchape.

Najua ni utani. Kila bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume. Mama yangu alimwita hivyo hivyo kijana wangu, na baba yangu alicheka sana. Lakini baba yangu alikuwa akicheka huku mkewe yuko nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Hatari. Juzi na jana nilijikanda, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, na kope zimeanza kunywea. Leo asubuhi zimefunguka zenyewe. Kwa mwendo huu nitapona kabla sijahurumiwa. Nimekunja kitambaa, nimekitia kabatini. Nimerudisha kioo jichoni na kufanya kazi kutwa.

Kufikia alasiri macho yalichonyota kama yaliyotiwa mchanga. Machozi yakadondoka juu ya saa ya mama mmoja. Mwenyewe alipokuja kuichukua alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefiwa na nani. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Nikasema mke wangu hayupo, jambo ambalo ni kweli. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nijikaze. Alipoondoka nilikaa muda mrefu bila kugusa saa yoyote.

Fundi viatu wa kibanda cha pili alisikia yote. Akaniambia nimemzika Bi Mkubwa akiwa mzima, na kwamba siku akijua, mikono yake haitakuja na kitambaa. Nikampuuza. Nikamtaka anipige picha ya macho kwa simu yake, amtumie kijana wangu, na aandike chini yake: ugonjwa mkali, unaenea kwa kasi. Akauliza kama tabibu alisema hivyo. Nikamwambia apige picha.

Ijumaa, 7 Machi

Picha imefanya kazi. Si kazi niliyoituma.

Kijana amenipigia kwa ile sauti yake ya ofisini. Baba, pole sana. Mkewe ana wasiwasi. Mtoto hushika kila kitu kisha hujitia vidole machoni. Kwa hiyo Jumapili hii nisiende kula kwao kama kawaida, mpaka nitakapokuwa safi. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, tabibu amesema. Akaniambia lakini baba, wewe mwenyewe umeandika unaenea. Nikasema unaenea juu ya kope zangu mwenyewe. Akasema sawa, baba, kama mtu anayesukuma mlango polepole ili usibamize.

Jumapili ndiyo siku ninayomwona Bi Mkubwa. Sina nyingine. Nilitaka kupata wiki nzima. Sasa nimepoteza hata hiyo moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda. Sikuingia. Nilisimama nje ya geti, jambo ambalo hakuna aliyenikataza.

Mkamwana akatoka na bakuli lenye kifuniko. Akanipa kwa mkono ulionyooka kabisa, uso ameugeuzia pembeni. Shikamoo baba, samahani sana baba, si mimi baba, ni mtoto. Ni binti mwenye adabu. Leo adabu yake imeniuma kuliko matusi.

Bi Mkubwa alikuwa dirishani, mtoto mkononi. Akaushika mkono wa mtoto, akanipungia nao. Mkono wake mwenyewe haukuwa na nafasi. Nikakaza macho nione kama anacheka ama vipi. Ukungu mtupu. Niliona rangi ya nguo yake tu, halafu nayo ikaondoka.

Nimekula chakula chake nyumbani kikiwa kimepoa. Chumvi ilikuwa kama ninavyoipenda. Hajasahau.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadili mpango. Nipone, tena upesi, kabla ya Jumapili. Tabibu alisema maji ya moto kiasi. Nimetumia ya moto hasa. Alisema tone la shampuu, nimemimina. Alisema taratibu, nimesugua kama ninayeng'arisha kifuniko cha saa ya zamani. Asubuhi, mchana na jioni. Anayewashauri watu waende taratibu hajawahi kufungiwa geti.

Jumanne, 11 Machi

Kope zimevimba, zimeiva, zinang'aa. Nimerudishwa zahanati na fundi viatu, amenishika kiwiko kama bibi harusi.

Tabibu aliuliza nimefanya nini. Nikaeleza. Akasema babu, hizo ni kope, si masufuria. Nipumzike leo, nisiguse kitu; kisha maji niyajaribu kwanza nyuma ya mkono, na njia ni ile ile, kidogo kidogo kila siku, hata zikionekana zimepona. Nikauliza mpaka lini. Akasema siku zote, babu, kama kupiga mswaki. Fundi viatu akacheka kifuani.

Njiani akaniuliza kwa nini nisimpigie tu Bi Mkubwa nikamwambia arudi, neno lenyewe fupi. Nikamwambia mambo ya watu wazima hayaendeshwi hivyo. Akanikumbusha kwamba yeye amenizidi umri, na mkewe yuko nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Bi Mkubwa amekuja.

Fundi viatu ndiye aliyempigia. Nitamshughulikia baadaye. Alifika asubuhi na kikapu, akanitazama mlangoni, akasema mzee wangu, umejichemsha. Sikupinga. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayajaribu nyuma ya mkono. Akaniketisha, akaniegemeza kichwa ukutani, akaweka kitambaa.

Giza, tena giza la joto. Vidole vyake vilinukia poda ya mtoto. Nikasikia saa zote za ukutani zikigonga, saa ambazo miaka yote hii sizisikii.

Akaanza kusema nikiwa chini ya kitambaa. Kwamba hana hasira nami. Kwamba kule anaitwa tangu kunapokucha, na huku aliishi akingoja niinue kichwa kutoka kwenye saa za watu. Kwamba meno si sababu, na mimi najua, na yeye anajua kwamba najua. Akachovya kitambaa upya, akakikamua. Akakirudisha. Kisha akauliza polepole, "Unataka nini, mzee wangu? Niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nilikuwa nalo lile neno fupi. Lilikuwa limeshafika kooni.

Nikasema jicho la kushoto linawasha zaidi.

Akalifuta jicho la kushoto. Akapitisha pamba kwenye nywele za kope, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ambao sikuustahili. Akafanya hivyo na la kulia. Akaanika kitambaa, akakusanya vitu vyake, akasema mtoto atakuwa anakaribia kuamka. Mlango aliufunga taratibu sana.

Nikabaki nimeegemea ukuta, macho nimeyafumba, ingawa kitambaa hakikuwepo tena.

Jumatatu, 17 Machi

Jana sikwenda. Kope bado nyekundu. Ninajikanda kama alivyofanya yeye: nanawa, najaribu maji, nangoja. Ukingoja na kitambaa usoni hakuna cha kufanya ila kufikiri, ndiyo sababu watu wengi huacha tiba hii.

Nimefanya mazoezi ya lile neno. Peke yangu linatoka vizuri kabisa.

Jumapili, 23 Machi

Kope zimenywea. Weupe wa jicho umerudi. Kijana amesema niende, hata nikitaka kumbeba mtoto nimbebe.

Asubuhi nilipita kwa fundi viatu. Akanipongeza. Akasema leo unaingia ndani, basi useme. Nikamjibu nitasema, lakini jambo kama hili linahitaji kufunguliwa njia. Nikamwomba ashushe kisigino cha kiatu changu cha kushoto. Akauliza kisigino kina kasoro gani. Nikamwambia kiko sawa mno. Akatikisa kichwa, akachukua kisu.

Nikaingia kwa kijana nikichechemea. Nilichechemea vizuri, kwa kiasi, kama mtu anayejitahidi kuficha. Hakuna aliyeniona. Mtoto alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza, ameshika ukingo wa meza, miguu inatetemeka, na nyumba nzima imepiga magoti mbele yake. Bi Mkubwa alikuwa anapiga makofi. Mume wangu huyo! Tazameni miguu ya mume wangu! Nikazunguka upande wa pili wa meza, nikichechemea, ili nionekane. Mkamwana akanisogezea kiti, akasema karibu baba, ukae, unamziba.

Baada ya chakula mtoto alilala. Bi Mkubwa akanisindikiza mpaka getini, sisi wawili tu. Akaniinua kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akakagua kope moja, kisha ya pili. Akasema ni safi. Akasema mikono yangu inaweza, nisiache. Halafu hakuondoka. Alisimama pale, hana haraka, mtoto halii, hakuna anayemwita.

Nikamwambia huu mguu unanisumbua.

Akautazama mguu. Akanitazama mimi. Akasema, "Pole, mzee wangu. Ukifika nyumbani, uukande."

Nikaenda zangu. Nikachechemea mpaka kwenye kona, huenda bado alikuwa ananitazama. Sikugeuka kuangalia. Mtu mwenye mguu mbovu hageuki ovyo.