Nyegere Dhidi ya Vidugamba

Jumatano, 1 Juni 1938
Bwana shamba amepita. Kageuza jani la kahawa, kakuta vidugamba: vijidudu vya kijani, vimejibandika kama vipele. Atarudi Jumanne. Akiwakuta tena, miti yangu yote ishirini inang'olewa na kuchomwa. Yote! Jirani yangu Sumari alikuwepo, eti anatafuta mbuzi. Mbuzi alikuwa zizini, nilimsikia.

Mke wangu Penina anasema tusugue majani kwa maji ya sabuni. Mimi nitatumia akili.

Alhamisi, 2 Juni
Nimewalinganisha maadui zangu wawili. Nyegere kavunja mizinga yangu mitatu mwaka huu. Anaumwa na nyuki uso mzima, hajali. Dume! Kidugamba hatoki alipokaa, ananyonya tu, kama shemeji yangu Eliamini. Ila sisimizi wanamlinda, wanalamba utamu wake. Na nyegere hula chochote kinachotambaa. Basi: asali kwenye mashina, nyegere aje, ale walinzi.

Ijumaa, 3 Juni
Nimepaka chupa nzima. Penina kauliza kama naumwa.

Jumamosi, 4 Juni
Sisimizi wa mlima mzima wamehamia kwangu. Wa Sumari pia, kaja kunishukuru. Dalili nzuri.

Jumapili, 5 Juni, Pentekoste
Nyegere kaja! Kalamba asali, kafukua miti sita, mizizi juu. Sisimizi wazima. Vidugamba wazima. Kanisani Sumari, mzee wa kanisa, kawaombea wenye mashamba yaliyochimbika. Jicho moja wazi.

Jumatatu, 6 Juni
Penina kaita dada yake Tabea na wanawake wa jirani. Wamesugua miti kumi na minne, jani kwa jani, wakamwaga majivu mashinani kuzuia sisimizi. Mimi nilisimamia. Tabea akasema, "Shemeji, kama ni kusimamia, simamia ndoo." Nimebeba ndoo.

Jumanne, 7 Juni
Bwana shamba kageuza majani mpaka shingo ikamuuma. Hakupata hata mmoja! Miti inabaki. Kisha kaona mashimo sita. Kabla sijafungua mdomo, Penina akasema, "Miti hiyo ndiyo iliyozidi kuugua. Mume wangu kaing'oa mwenyewe."

Bwana shamba kanishika mkono. Kaahidi miche sita mipya. Sumari kaenda kutafuta mbuzi.

Jioni nimefikiri sana, na kosa nimeliona: asali ilikuwa kidogo. Nimekwenda kwa Sumari kuomba yake. Kauliza ya nini. Nimekohoa, mkono kifuani, kama mgonjwa.