Ombi la Makanisa Kuungana ili Nikae na Mume Wangu

Katindiuka, Ifakara
22 Novemba 1994

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ushirikiano wa Makanisa.

Mzee Raimundi, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo, na pia Bwana Yesu asifiwe, maana siku hizi sijui nianze na ipi.

Mimi ni Kandida, yule bibi harusi wa mwezi wa nane ambaye padre na mchungaji walisimama pamoja mbele yake, na wewe ukalia kwa furaha mpaka ukaazimwa leso. Mimi ni Mkatoliki, wazazi wangu ni watu wa Mahenge. Mume wangu Lukelo ni Mlutheri. Baba yake alitoka Iringa kuja kukata miwa, kisha wakahamia hapa. Naandika kwa moyo wa shukrani. Ndoa ni tamu, Mzee. Lukelo akinyoosha mkono kuchukua chumvi, mimi nasahau nilikuwa nasema nini. Asubuhi akipiga mswaki uani nasimama dirishani kumtazama, na uji umeungua mara nyingi kwa sababu hiyo.

Pamoja na shukrani hizo, nina malalamiko.

Kamati yako ilitoa Mwongozo wa Ushirikiano, na kifungu cha nne kinasema kwamba aliyeoa au kuolewa nje ya kanisa lake aonyeshe upendo kwa kusali katika kanisa la mwenzake na kushika nafasi ya mwenzake huko. Ni maneno mazuri. Yaliposomwa siku ya harusi nilimbana Lukelo mkono. Lakini nadhani Kamati ilikuwa inamfikiria mtu mmoja anayemfuata mwingine. Sisi tuko wawili, wote tunapendana, na wote tulitii. Matokeo yake ni haya:

1. Kila Jumapili Lukelo anasali Katoliki na mimi nasali Lutheri. Ananipakia kwenye keria ya baiskeli, tunafika mahali makanisa yanapotazamana, ananishusha, yeye anaingia mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Tunaagana kama mtu anayekwenda jeshini. Kinachotutenganisha ni barabara tu, na mahubiri yakipoa namsikia akikohoa. Sijui kama kuna mateso makubwa kuliko kumsikia mume wako akikohoa katika dhehebu lingine.

2. Katika kwaya ya Katoliki mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Kwa kuwa kifungu kinasema ashike nafasi yangu, Lukelo anasimama katikati ya akina dada wa sauti ya kwanza, naye sauti yake ni nzito kama mashine ya kukoboa mpunga. Tadei, mwalimu wa kwaya, amemwambia kwa upole, "Shemeji, wewe fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako." Mzee, ile ni sauti iliyonitoa mimi kwetu. Inaniuma kuona inafungiwa ndani.

3. Lukelo alikuwa mpulizaji wa tarumbeta kubwa katika bendi ya Lutheri, lile linalokumbatiwa kama mtoto mnene. Sasa ni langu. Nimesoma mpaka kidato cha nne na somo hilo halikuwemo. Mzee Adolf, kiongozi wa bendi, alinipakatisha hilo tarumbeta mwenyewe akasema, "Wewe puliza, bibi harusi. Mungu anaangalia moyo." Ni kweli Mungu anaangalia moyo, lakini watu wanasikiliza. Juzi lilitoa mlio katikati ya tangazo la msiba, na mimi nilikuwa napumua tu. Upande wa pili wa barabara Lukelo alisimama huku padre akiendelea kuhubiri, akawaambia watu wote kwa majivuno, "Huyo ni mke wangu." Hilo sililalamikii. Nimelitaja kwa sababu ni zuri.

4. Jogoo. Nilikuwa namlea kwa ajili ya chakula chetu cha Jumapili. Lukelo akamtoa sadaka kwa Wakatoliki kuonyesha upendo. Padre akamtuma kwa Walutheri kuonyesha ushirikiano. Walutheri, kama unavyowajua, baada ya ibada wakamtia mnadani, na mimi nikashindana na mama mkwe wangu mpaka nikampata. Nilimtambua tulipofika nyumbani, alipokwenda mwenyewe kulala mahali pake. Mpaka leo sijamchinja. Sijui ni wa dhehebu gani.

5. Nilipopeleka malalamiko kwa Mzee Adolf, alisema ushirikiano ni kuvumiliana. Nilipovuka barabara kumweleza Tadei, alisema ushirikiano ni kuvumiliana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona pande hizi mbili zikikubaliana neno kwa neno, na zimekubaliana dhidi yangu.

Sasa ombi. Nikimfuata Lukelo moja kwa moja, mama yangu atasema nimechukuliwa. Lukelo akinifuata mimi, baba yake atasema vivyo hivyo. Kila mmoja akirudi kwake, tutaendelea kusikilizana kikohozi. Kwa hiyo nimeona njia fupi kuliko zote ni makanisa yenu kuungana. Najua wakubwa wenu wamelihangaikia jambo hili muda mrefu, lakini sidhani kama waliwahi kuletewa sababu kama yangu.

Kwa utekelezaji, napendekeza turubai litandazwe juu ya barabara kutoka mlango mmoja mpaka mwingine, na benchi letu liwekwe katikati. Padre ahubiri upande wake na mchungaji upande wake, wapokezane. Magari yanayokwenda Malinyi yapite wakati wa sadaka, yasipite bure. Mambo makubwa yaliyobaki, kama Baba Mtakatifu, yanaweza kuzungumzwa taratibu mkishaweka benchi.

Wala si lazima muungano uwe wa milele. Mkiungana mpaka tupate mtoto wa kwanza inatosha. Baada ya hapo mnaweza kutengana kwa amani, sisi tutakuwa na shughuli.

Wasalimie wajumbe wote wa pande zote, na yule mmoja wa Anglikana ambaye hakuna anayemuuliza kitu. Msalimie mama hapo nyumbani.

Ni mimi, upande wowote wa barabara,
Kandida, mke wa Lukelo
(mke wa Lukelo, unisamehe, napenda kuliandika).

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado inasubiri stempu ilipofika ile ibada yenu ya pamoja ya kuombea msimu wa kilimo, kwenye uwanja wa shule. Tulikaa benchi moja, Lukelo na mimi bega kwa bega, mama zetu huku na huku, ibada nzima. Nilifurahi mno. Tukarudi nyumbani nikapakua chakula. Jumapili nyingine chakula hupoa kabla hatujakigusa, maana mimi namweleza ya kwao na yeye ananieleza ya kwetu: nani alisinzia, mama yangu alivaa nini, mama yake alisema nini juu ya mapishi yangu, na tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Safari hii yote tulikuwa tumeyaona sote. Tulikula kimya. Baadaye Lukelo akasema, "Wali umeiva." Nikamjibu, "Ndiyo, umeiva." Kisha, kwa kukosa neno, akaniuliza kama mama yake hajambo, naye alikuwa ametoka kukaa naye benchi moja.

Mzee Raimundi, nakuomba kwa heshima zote, msiungane.