Magadi Katika Pipa la Rangi

Jumatatu, 14 Julai
Mtendaji wa kata amempa mke wangu, Marieta, muda hadi Ijumaa. Maji mekundu ya batiki zake yanateremka hadi kwenye lambo la ng'ombe. Yasiposafishwa, kibanda chake kitafungwa. Mshtaki ni jirani yetu Burito. Bila shaka!

Nimemwambia Marieta atulie. Nilihudhuria semina ya maji kule Mukendo, mpaka wakati wa chai. Misumari, dawa ya kuoshea vidonda na jua vikikutana, huzaliwa kitu kinachokula rangi. Kitu gani? Sikuelewa. Si lazima.

Jumanne, 15 Julai
Nimenunua dawa Bunda. Muuzaji aliuliza kidonda kiko wapi. Nikamjibu kwamba ni cha pipa zima. Akanipima joto.

Misumari ndani ya pipa la maji ya batiki, dawa ndani. Nimefunika kwa bati ili nguvu isitoroke.

Jumatano, 16 Julai
Bado mekundu. Nimempigia Gloria, aliyetufundisha semina. Anasema maji ya batiki yana magadi, hivyo kwanza yatiwe ndimu mpaka yawe machachu, kisha pipa liachwe wazi juani. Ndimu? Kwani pipa hili ni samaki sato? Maharage hulainishwa kwa magadi, rangi itashindaje? Nimeongeza makopo manne ya magadi.

Alhamisi, 17 Julai
Marieta amechukua ndoo yake ya maji ya rangi, akafuata maneno ya Gloria. Alasiri maji yakawa meupe, kutu imetuama chini. Nimemweleza kwamba ndoo ndogo hudanganya.

Ijumaa, 18 Julai
Ng'ombe wa Burito wamenusa magadi. Wamevunja ua, wamekunywa nusu ya pipa. Midomo myekundu kama ya maharusi! Mtendaji akafika papo hapo. Nikamwonyesha kwamba maji machafu yamepungua.

“Mwalimu,” aliniambia Burito, “ng'ombe wangu wanakunywaga maji, hawanywagi batiki.”

Daktari wa mifugo ameamuru maziwa yamwagwe siku tatu. Marieta akaleta ndoo yake. Mtendaji akaichungulia kwa muda mrefu, kisha akasema kibanda kiendelee, mradi mimi nisiguse pipa.

“Baba Edwin, kaa hapa,” alisema Marieta, akanikabidhi kisu na kikapu cha ndimu.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekata ndimu asubuhi nzima, nikitafakari. Hatimaye nimeliona kosa. Magadi yalikuwa machache. Nimeagiza gunia.